Deni la Mtabiri

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wazee waliitunga methali hii kwa ajili ya uvumi, kumtahadharisha mtu asilipuuze neno linalozagaa mtaani. Lakini kwa miezi minne, tangu Oktoba 2023 hadi Februari 2024, ilikuwa kama kwamba imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, kijana wa Kikenya aliyeitwa Kelvin Kiptum. Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, kijana huyo alikimbia mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akawa mtu wa kwanza kuzimaliza chini ya saa 2 na dakika 1 katika mashindano yenye kuhesabiwa rekodi. Tangu siku hiyo walimwengu waliacha kuuliza kama ataweza kushuka chini ya saa mbili. Wakawa wanauliza ni lini, na ni katika mji gani.

Swali linalostahili kuulizwa, na ambalo haliulizwi sana, ni hili: kumtabiria mtu ni tendo la namna gani? Je, ni elimu kama hesabu, isiyomdhuru wala kumnufaisha anayehesabiwa? Je, ni burudani ya barazani? Au ni tendo lenye wajibu ndani yake, kama kukopa, kuapa au kutoa ushahidi, ambalo mtendaji wake hana budi aulizwe: umeifanya kazi hii kwa haki ya nani?

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kazi hii, na kila neno lina nasaba yake. Kukadiria ni kupima. Ni neno la ukoo mmoja na kadari na kudura, kwa hiyo ndani yake mna kipimo cha mja na mpango wa Muumba, vimelala kitanda kimoja. Kubashiri asili yake ni kuleta bishara, yaani habari njema, ingawa siku hizi neno hilo limepangishwa na michezo ya pesa. Kutabiri asili yake ni kufasiri ndoto. Kupiga ramli ni kusoma mchanga, maana ramli ni mchanga kwa Kiarabu. Kuagua ni neno la Kibantu linalofunga pamoja kufichua na kuponya. Mwaguzi hutazamiwa ataje lililofichika ili mgonjwa apate nafuu. Mambo haya ni matano: kipimo, bishara, ndoto, mchanga na dawa. Anayesema juu ya mkimbiaji kwamba atavunja rekodi ya dunia hana budi ajue ameshika lipi mkononi.

Watu wa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini, wanaijua tofauti ya mambo haya kwa riziki yao. Mvuvi wa huko hahitaji mwaguzi kumwambia lini bahari itajaa. Mwezi ukiandama na ukipevuka huwa bamvua. Ukiwa nusu huwa maji mafu. Na saa ya kujaa husogea mbele kila siku kwa kiasi kinachojulikana. Hayo hukadiriwa hata kwa miaka mia ijayo. Lakini mlango wa Ruvuma una mafungu ya mchanga, na mchanga huo hauna kalenda. Mvua zikinyesha sana bara, mto hushuka na nguvu mpya, hufukua hapa na kujaza pale, na njia ya dau iliyokuwa salama msimu uliopita hupotea. Nahodha mzuri hujua maji yatakuwa kiasi gani saa ile. Hajui mchanga uko wapi mpaka achovye upondo. Anayejua maji akadhani amekwisha kujua na mchanga, huyo hupweleza chombo na watu wake.

Katika jambo la Kiptum, maji yalikuwa yanajulikana vizuri. Mwaka 2003 Paul Tergat, Mkenya, alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Haile Gebrselassie wa Ethiopia akaishusha mara mbili, na mwaka 2008 akafika saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Wakafuata Patrick Makau mwaka 2011, Wilson Kipsang mwaka 2013, Dennis Kimetto mwaka 2014, kisha Eliud Kipchoge mwaka 2018 na tena mwaka 2022, aliyefika saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Na mbio zote hizo zilikimbiwa Berlin. Toka Tergat hadi Kiptum ni miaka 20, na muda uliopungua ni sekunde 260, yaani wastani wa sekunde 13 kwa mwaka. Zilibaki sekunde 36 tu kushuka chini ya saa mbili. Kwa mkimbiaji ambaye hupita kila kilometa kwa dakika 2 na sekunde 51 na nusu hivi, sekunde hizo 36 ni pungufu ya sekunde moja kwa kila kilometa. Mtu akizitazama karatasini huziona ndogo mno.

Wala elimu haikusubiri mpaka siku hizo. Mwaka 1991 Michael Joyner, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya mwili, alichapisha makadirio yake akitumia vipimo vitatu: kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia, kiwango cha juhudi ambacho mtu huweza kukidumisha kabla ya mwili kuelemewa, na wepesi wa mwendo, yaani nguvu inayotumika kwa kila hatua. Alipovikusanya vipimo bora vya watu mbalimbali katika mwili mmoja wa kufikirika, alipata saa 1, dakika 57 na sekunde 58. Wakati huo rekodi ilikuwa ya Belayneh Dinsamo wa Ethiopia, saa 2, dakika 6 na sekunde 50, aliyoiweka Rotterdam mwaka 1988. Makadirio hayo yalionekana kichekesho kwa wengi, na miaka ilivyopita yakageuka kuwa busara.

Lakini msomaji na atazame vizuri Joyner alisema nini. Alisema mwili wa binadamu unaweza. Hakusema mwili wa nani, wala lini. Msikilizaji wa shairi akishasikia ubeti wa kwanza hujua kina kitakachofunga mshororo ujao, na hujua mizani itatimia wapi. Neno lenyewe halijui. Hilo liko kifuani mwa mshairi, na huenda mshairi mwenyewe bado analitafuta. Joyner alikisikia kina. Wale wa mwaka 2023 walidai wamelisikia neno, na jina la neno hilo ni Kiptum.

Ni kweli kwamba walikuwa na sababu zao. Alikuwa amekimbia marathoni tatu tu, na zote alishinda: Valencia Desemba 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53, London Aprili 2023 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 25, kisha Chicago. Tena alikuwa na mwendo usio wa kawaida. Wakimbiaji wengi huianza safari kwa nguvu na kuimaliza kwa uvumilivu. Yeye nusu ya pili aliikimbia kwa kasi kuliko ya kwanza. Chicago nusu ya kwanza ilimchukua dakika 60 na sekunde 48, na ya pili dakika 59 na sekunde 47. Viatu vya soli nene vyenye bamba la kaboni, ambavyo tangu mwaka 2017 vilikuwa vimebadili hesabu za mbio ndefu, vilikuwa miguuni mwake. Na kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alieleza hadharani kwamba kijana huyu hufanya mazoezi ya zaidi ya kilometa 250 kwa wiki, na kwamba yeye kocha ana hofu mwili huo hautadumu miaka mingi kwa mzigo ule.

Kwa hiyo palikuwa na tabiri mbili, ya tamaa na ya tahadhari. Ya kwanza ilisema atavunja. Ya pili ilisema atavunjika. Zote mbili ziliusoma mwili wake, na zote mbili zilikuwa na hoja. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024, siku chache baada ya Shirikisho la Riadha la Dunia kuithibitisha rekodi yake, gari alilokuwa akiliendesha liliacha njia karibu na Kaptagat, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Kiptum alifariki dunia, na Hakizimana pamoja naye. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Wepesi wa kusema hapa ni kwamba mauti hayana miadi, na mja hajui la kesho. Ni kweli, lakini ni kweli inayomwachia mtabiri mlango wa kutokea: akishasema hakuna ajuaye kifo, hujiona amesamehewa yote aliyoyasema juu ya uhai. Lau Kiptum angaliishi, akafika Rotterdam, akakimbia kwa saa 2 na dakika 2 kwa sababu ya upepo au tumbo kumuuma, je, watabiri wangaliulizwa nini? Hawangaliulizwa kitu. Angaliulizwa yeye.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ahadi ni deni, na sheria ya deni ni kwamba alipaye ni yule aliyekopa. Mtabiri huenda kinyume cha sheria hiyo. Huahidi kwa mdomo wake, na deni huandikwa katika mguu wa mtu mwingine. Utabiri ukitimia, mtabiri husifiwa kwa macho yake makali. Usipotimia, husemwa kuwa mkimbiaji ameshindwa, na pengine kwamba amewavunja watu moyo. Neno kuwavunja moyo lina udhia wake hapa: mioyo hiyo aliiweka nani rehani? Mtumai cha nduguye hufa maskini. Lakini huyu mtumaji, kabla hajafa maskini, huwa amekwisha kumdai nduguye riba. Na utabiri unapoingia katika michezo ya pesa, riba hiyo huwa si mfano tena, maana mtu huweza kumchukia kijana asiyemjua, wa nchi asiyoifahamu, kwa sababu alichelewa sekunde kumi.

Mtwara ni mahali panapofahamu maana ya kutabiriwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika: zaidi ya ekari milioni 3, kwa makadirio ya pauni milioni 25, ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula huko kwao baada ya vita. Nachingwea ilichaguliwa kuwa mojawapo ya mashamba, ikajengwa reli, na bandari ya kina kirefu ikaanza kuchimbuliwa Mtwara. Waliokadiria walikuwa London. Udongo uliotakiwa kuyatimiza makadirio ulikuwa kusini mwa Tanganyika, na udongo haukuulizwa. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zikahesabiwa hasara. Bandari ilikamilika baada ya karanga zilizokusudiwa kutoweka, na reli haikudumu. Katika miaka ya 1960 ilikwisha kufungwa. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi baadaye wapo waliousimulia mradi ule kama kwamba ni ardhi ya kusini iliyoshindwa. Ardhi hiyo haikuwahi kumwahidi mtu karanga. Ilipoachwa iseme yenyewe, ilisema korosho.

Na miongo sita baadaye, juu ya gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, neema ilitabiriwa tena. Ghasia za Januari na Mei 2013, wakati wa mzozo wa bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam, zilikuwa na mambo mengi ndani yake. Lakini mojawapo lilikuwa swali la kale la anayetabiriwa: ikiwa mali hii ni ya kesho yangu, mbona anayeizungumza ni mwingine?

Pengine msomaji atasema kwamba hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho itamziba mdomo kila mtu, hata yule atoaye habari za upepo na mvua. La hasha. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kikielekea pwani ya kusini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari kwa Mtwara. Wakazi wa sehemu za hatari wakatakiwa kuhama. Tarehe 25 Aprili kimbunga kilitua ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji, kikaua na kubomoa huko. Mtwara ilinusurika na kishindo chake. Je, waliofunga virago vyao walidanganywa? Hapana. Utabiri ule haukumdai mtu awe kitu. Ulimpa nafasi ya kujiokoa. Kama ungekosewa, aliyekosea ndiye angelaumiwa, si upepo. Huu ndio ule uaguzi wa asili, wa kufichua ili kuponya. Mizani basi si kama utabiri umetimia au haukutimia. Mizani ni nani hulipa ukikosewa, na nani hunufaika ukitamkwa.

Iko hoja nyingine, nzito zaidi. Kiptum mwenyewe alikwisha kuichagua Rotterdam, Aprili 2024, na ikatangazwa kwamba atajaribu kushuka chini ya saa mbili. Je, hakulichukua deni hilo kwa hiari yake? Alilichukua, na hapo lugha ina neno lake: nia. Nia ni neno la mtu juu ya mguu wake mwenyewe. Filbert Bayi wa Tanzania alipoingia uwanjani Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, katika mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mbele tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wajuzi huliita la hatari, akamaliza kwa dakika 3, sekunde 32 na nukta 2, rekodi ya dunia. Nia yake aliitamka kwa miguu, mbele ya wote, na kama ingalimshinda ingalimshinda yeye. Mwenye nia huweka rehani kilicho chake. Mtabiri huweka rehani cha mwenziwe, kisha akaita imani. Mambo haya mawili hufanana kwa mbali, kama dau na gogo lililoelea. Anayekaribia huona tofauti.

Na utabiri una dhara jingine, dogo kwa sauti, kubwa kwa athari: humfunga macho yule autamkaye. Katika mbio zile zile za Christchurch, John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia kasi kuliko rekodi ya zamani, na hesabu ya rekodi haikumpa kitu. Valencia mwaka 2022, siku Kiptum alipojitokeza kwa mara ya kwanza, aliyemfuata alikuwa Gabriel Geay wa Tanzania, kwa saa 2 na dakika 3 kamili, muda ambao hakuna Mtanzania aliyekuwa ameufikia. Ni wangapi waliomtazama? Na tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya dunia. Muda wake ulikuwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, zaidi ya dakika tisa nyuma ya ule wa Chicago. Kwa jicho la rekodi, hapakuwa na la kutazama. Kwa jicho la binadamu, watu wawili walikuwa wamekimbia kilometa 42 na zaidi kwa joto kali, wakafika utepeni kwa muda ule ule ulioandikwa, na Simbu akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Jambo kama hilo hakuna aliyelitabiri, na ndiyo sababu moja ya uzuri wake.

Basi mtu afanye nini, anyamaze? Kutazamia ni sehemu ya kupenda, na asiyetazamia lolote kwa mwanawe au kwa mshairi wake hampendi. Lakini kuna adabu ya kutazamia, na Kiswahili kimeiweka adabu hiyo katika viambishi vyake kabla ya kuiweka katika mawaidha. Mtu huweza kusema atavunja; huweza kusema akivunja; huweza kusema huenda akavunja. Katika neno la kwanza mkimbiaji hana mlango. Katika mengine mawili mlango uko wazi, na yeye mwenyewe ndiye mwenye ufunguo. Anayeongeza Mungu akipenda haongezi pambo. Anakiri kwamba sentensi yake ina mwenyewe mwingine, na kwamba yule anayetajwa ni mja, si chombo cha kutimiza maneno ya watu.

Usiku mmoja wa Februari uliligeuza neno la walimwengu kutoka atavunja likawa angevunja, na wanaojali sarufi wakasema angalivunja. Watu walidhani wanamwenzi. Walisema angeshuka chini ya saa mbili, angekuwa mkuu wa wote, angefanya hiki na kile. Lakini neno hilo nalo ni utabiri, tena ni mzito kuliko ule wa kwanza, maana sasa deni limeandikwa kwa jina la marehemu, asiyeweza kulilipa wala kulikana. Mila za pwani zinajua la kufanya penye maiti: kabla ya mazishi hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, ili asiende kaburini na deni la watu. Wanaosema angevunja wanajitokeza kumdai asichokopa.

Na katika kudai huko husahau mali aliyoiacha. Rekodi hazikuumbwa zidumu. Wapo na watakuwapo wa kukimbia kasi kuliko yeye, na jina lake litashuka katika orodha kama yalivyoshuka majina ya Tergat na Gebrselassie. Hilo halimpunguzii kitu. Kijana wa Chepkorio alikimbia mara tatu, akashinda mara tatu, na mara ya tatu akaenda mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika kabla yake. Kwa mtu kama huyo Kiswahili kina wakati wake uliotimia, mfupi, usiohitaji mtabiri wala shahidi wa ndoto. Alivunja.